Noah ya saa nane usiku
Mdogo wangu kajifungua juzi usiku pale zahanati, mtoto kilo 1.5, analia kama kapaka. Nesi akapiga 115, ile namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali, ikaja Noah ya dereva wa hapa hapa kwetu. Hatukutoa hata mia, jamani! Nesi akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia ya uzi kichwani, kanga mbili juu. Njia nzima anapapasa tu vile vinyayo: "Bado vya moto." Mie nyuma nimekumbatia chupa ya chai ambayo hakuna aliyeinywa. Leo mtoto yuko kwenye oksijeni, maziwa anapewa kwa mpira. Mama mtu kalala, hatimaye.