Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa utafiti wa figo

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye utafiti, hudhani nashinda ofisini na kompyuta nikisubiri posho. Mimi ni muuguzi. Mradi wetu hapa Tanga unafuatilia watu wenye ugonjwa sugu wa figo ambao bado hawajaanza kusafishwa damu. Tunataka kujua madini ya damu yao, hasa potasiamu na sodiamu, yanavyopanda na kushuka kadiri figo zinavyochoka.

Saa 11 alfajiri naamka, saa 1 nakagua jokofu la sampuli na kuandika jotoridi.

Saa 2 washiriki wanaingia na madumu. Tunawaomba mkojo wa saa 24: ule wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, kisha wote unaofuata unaingia kwenye dumu, mpaka ule wa kwanza wa kesho yake. Mama mmoja amelifunika lake kwa kanga ndani ya kikapu na kupanda nalo daladala tangu Pongwe. Nalipokea kwa mikono miwili. Angesahau mara moja tu, hesabu nzima ingeharibika, na yeye hakusahau.

Saa 3 hadi saa 4 ni kutoa damu, kupima presha na kujaza fomu.

Saa 4 na nusu simu ya maabara inalia. Potasiamu ya mzee mmoja ni 7.1. Kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0, na 7.1 ikiwa ya kweli, moyo unaweza kusimama huku mwenyewe hahisi chochote. Lakini mtu wa maabara anasema seramu yake, yaani majimaji ya damu yakishatengwa na chembe, ina rangi ya juisi ya rozela, maana yake chembe nyekundu zimepasuka ndani ya chupa. Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili hukaa ndani ya chembe. Zikipasuka, inamwagika, na mashine inasoma kisichokuwemo mwilini. Kwa hiyo huenda namba ni ya uongo, na huenda si ya uongo yote. Daktari anaagiza kipimo cha umeme wa moyo mara moja. Mawimbi hayajachongoka, yaani moyo bado hauonyeshi dalili ya potasiamu nyingi. Sasa damu itolewe tena.

Hapo ndipo mtoto wake aliposimama mlangoni.

"Sista, asubuhi mmemtoa chupa nne. Mnataka tena? Mnazipeleka wapi?"

Nikamweleza. Akasema kwao watu wameshaanza kuuliza kama hospitali hii ina mumiani. Nikamweleza tena, taratibu, kwamba chupa za asubuhi zilikuwa za utafiti na hii ni ya matibabu, na kwamba baba yake akitaka kujitoa kwenye utafiti ana haki hiyo leo hii, na hakuna dawa atakayonyimwa. Akadai fomu ya ridhaa. Nikaileta, akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nimesimama nikijua kila dakika ina uzito wake. Sikumkasirikia. Fomu ile imeandikwa ili isomwe hivyo. Ila miguu ilikuwa inawaka moto.

Mwishowe mzee mwenyewe akaunyoosha mkono. "Mkono wangu huu. Toa, mwanangu."

Mpira nikaufunga kwa muda mfupi tu, nikamwomba asikunje ngumi, maana hata hilo hupandisha potasiamu. Chupa nikaipeleka maabara mwenyewe, bila kuitikisa. Jibu: 6.2. Safari hii seramu ilikuwa safi. Tatizo lipo kweli.

Daktari akaanza matibabu, akasimamisha spironolaktoni, dawa aliyokuwa akinywa mzee ambayo hupunguza utoaji wa potasiamu kwenye figo, akaamua alazwe. Kisha akauliza kuhusu chakula. Yule kijana akajibu kwa fahari kwamba kila asubuhi humletea baba yake madafu mawili, kwa sababu ameambiwa yanasafisha figo. Figo nzima huitoa potasiamu ya dafu bila shida. Iliyochoka haiwezi, inabaki kwenye damu. Nilipomwambia alikaa chini. Nikamwambia alichokuwa akifanya ni kumtunza baba yake, na nilimaanisha.

Chakula cha mchana nilikula, sikumbuki saa ngapi.

Jioni ni kompyuta. Mshiriki akilazwa, utaratibu wetu unataka ripoti ifike ndani ya saa 24, hata kama kulazwa kwenyewe hakukuletwa na utafiti. Nimeandika namba zote mbili, 7.1 na 6.2, na sababu ya kutoiamini ya kwanza, kwa sababu atakayezisoma mwakani hakuwepo chumbani.

Natoka, kijana ananisimamisha getini kuuliza kuhusu kisamvu. Nikamwandikia nyuma ya kadi ya miadi: madafu hapana, ndizi na viazi kwa kipimo atakachopewa, mboga zichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe. Akauliza ile chumvi mbadala ya dukani wanayouziwa wenye presha. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Nikaiongeza kwenye kadi na kupigia mstari.