Bima ya watoto ndani ya hesabu ya matunzo

Kila anayeniuliza kuhusu matunzo ya watoto hapa Marekani huanza na mishahara: mwenzake analipwa ngapi, yeye analipwa ngapi. Mimi humuuliza kwanza nani analipia bima ya afya ya watoto, na katika makato ya bima hiyo kwenye mshahara sehemu ya watoto ni kiasi gani.

Sheria ya shirikisho inataka amri ya mahakama kuhusu matunzo iguse pia matibabu ya mtoto, ila hesabu yenyewe kila jimbo lina yake. Majimbo mengi hujumlisha mapato ya wazazi wote wawili, kisha gharama ya bima hugawanywa kwa uwiano wa mapato hayo.

Kwetu ilikuwa hivi. Mzazi mwenzangu alikuwa na kipato cha dola 6,000 kwa mwezi, mimi 3,000. Theluthi mbili zake, theluthi moja yangu. Bima ilitoka kazini kwake. Kwenye fomu ya mahakama aliandika makato yote, dola 450, kwa hiyo theluthi yangu, dola 150, ingetolewa kwenye matunzo anayoleta. Lakini mle ndani alikuwemo yeye mwenyewe, mke wake na mtoto wao mdogo. Kwa nini wanangu wawili wapunguziwe hela ya chakula na viatu kwa ajili ya bima ya watu wengine?

Kinachotakiwa kuhesabiwa ni sehemu ya watoto wanaohusika na amri hiyo tu. Nikaomba barua ya mwajiri inayotenganisha makato. Mfanyakazi peke yake: dola 150. Familia nzima: 450. Tofauti ni 300, na wanaobebwa nayo ni wanne, yaani 75 kila mmoja. Wanangu wawili, 150. Theluthi yangu ikawa dola 50, si 150. Dola mia kila mwezi, kwa nyumba yenye watoto, si hela ndogo hata kidogo. (Si kila jimbo hugawanya kwa idadi ya watu namna hii, kwa hiyo soma maelekezo ya fomu ya kwenu kabla ya kubishana.)

Sidhani alikusudia kutudhulumu. Aliandika alichokiona kwenye hati yake ya mshahara.

Ningekuwa mimi ninayelipia bima, hesabu ingegeuka: theluthi mbili zake, dola 100, zingeongezwa juu ya matunzo.

Bima ikiwa ghali mno, mzazi halazimishwi kuichukua. Kipimo cha shirikisho ni asilimia 5 ya mapato kabla ya makato, ingawa jimbo linaweza kuweka chake. Texas ni asilimia 9. Na yale ambayo bima hailipi, kama miwani au sehemu ya bili ya daktari, mara nyingi hugawanywa pembeni, kwa hiyo tunza risiti na mtumie mwenzako mapema.

Makato ya bima hubadilika karibu kila mwaka, lakini amri ya mahakama haibadiliki yenyewe. Nimeshamwomba mzazi mwenzangu barua mpya ya mwajiri. Ikionyesha sehemu ya watoto imepanda sana, sitampinga akiomba hesabu irekebishwe.