Siku skrini ilipojaa mistari ya kufuta

Diski ilikuwa moja, ya nje, na ilikwisha kuanza kukwaruza kila inaposomwa. Ndani yake mlikuwa na mahojiano ya wazee yaliyorekodiwa kwa miaka mingi. Aliyeyarekodi hakuacha daftari, wala hakuandika tarehe kwenye majina ya faili. Siku ambayo kila mzee alizungumza ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye muda wa mwisho wa faili kubadilishwa. Ukinakili kiholela, faili mpya inaweza kubeba tarehe ya leo, na habari hiyo ikapotea moja kwa moja.

Ndiyo maana mwenzangu wa zamu, aliyenitangulia kazini kwa muda mrefu, alikataa tuburute folda kwa kipanya. “Dada, hapa ni rsync, na herufi ya kwanza ni a,” aliniambia, akimaanisha programu ya kunakili faili kwa amri za kuandikwa. Chaguo la -a hukusanya mengine saba, -rlptgoD: linaingia kwenye folda zote za ndani, linahifadhi viungo, ruhusa, muda, kundi na mwenye faili, pamoja na faili maalumu za mfumo. Sisi shida yetu ilikuwa ile t, yaani muda. Alinionyesha pia mkwaju wa mwisho wa anwani ya chanzo. Ukiandika mahojiano/ unanakili vilivyomo, ukiandika mahojiano bila mkwaju unanakili folda yenyewe, na kule mwisho utaikuta folda ndani ya folda.

Seva ya kupokelea ilikuwa jengo jingine na mtandao ulikuwa wa taratibu, tena wa kugawana na watu wengine. Tukaweka --bwlimit=500 ili tusizidi kilobaiti 500 hivi kwa sekunde, na -P, ambayo huonyesha maendeleo na kuihifadhi faili iliyofika nusu. Mahojiano ya saa mbili yakikatika katikati, hayaanzi upya. Hapo ndipo nilipoipenda programu hii kwa dhati. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, na kiini chake ni kwamba pande mbili zinalinganisha vipande vya faili kwa cheksamu, yaani namba fupi inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, kisha kinachosafiri ni kile ambacho upande wa pili hauna. Kwa mtandao kama wetu, hiyo ilikuwa tofauti ya kazi kuisha au kutoisha.

Tulikuwa tumeweka pia --delete, inayofuta upande wa pili kisichokuwepo tena kwenye chanzo. Wenzetu walikuwa bado wanapanga folda na kubadilisha majina kwenye diski, na bila chaguo hilo majina ya zamani yangerundikana kwenye seva.

Kisha umeme ukakatika usiku. Asubuhi mashine zikawashwa na kila kitu kikaonekana kimekaa sawa. Mwenzangu aliichukua amri ileile ya jana, akaongeza -n na -i kabla ya kubonyeza chochote. Ya kwanza huigiza kazi bila kugusa faili hata moja, ya pili huandika mstari kwa kila kitakachobadilika. Nilitarajia kuona <f+++++++++, alama ya faili mpya inayosubiri kwenda. Badala yake skrini ilijaa *deleting, na pembeni yake majina ya mahojiano niliyoyafahamu, moja baada ya jingine, yakipanda juu kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata.

“Usiguse,” akasema. “Tuanze na chanzo.”

Diski haikuwa imepachikwa kwenye mfumo. Folda ambayo kwa kawaida huonyesha yaliyomo kwenye diski ilikuwepo, ila tupu. Kwa rsync, chanzo kilikuwa hakina kitu, na wajibu wa --delete ni kuufananisha upande wa pili na chanzo. Programu ina kinga yake: ikikutana na hitilafu ya kusoma, huacha kufuta. Lakini folda tupu si hitilafu. Inasomeka vizuri kabisa. Toka siku hiyo amri yetu ilibeba --max-delete, kikomo cha faili zinazoruhusiwa kufutwa, yenye idadi ndogo, na --backup pamoja na --backup-dir, ili chochote kinachoondolewa kiende kwenye folda ya pembeni badala ya kutoweka.

Diski iliporudi tuliendelea kunakili, tukafika kwenye ukaguzi. Kwa kawaida rsync huangalia ukubwa na muda tu. Vikilingana, inaipita faili. Sisi tukaweka -c, ambayo huisoma kila faili yote kwa pande zote mbili na kulinganisha cheksamu. Inachukua muda, ingawa mtandaoni hupita cheksamu tu, si sauti zenyewe. Na -n ikabaki palepale.

Ikatokea mistari michache ya <fc........ Ukubwa uleule, muda uleule, yaliyomo tofauti.

Mtu mwenye haraka angeondoa -n na kuiacha programu isahihishe seva kwa kufuata diski. Lakini rsync huikagua kila faili inapofika, kwa hiyo seva ilikuwa imepokea kile hasa kilichosomwa siku ile. Tukavaa vipokea sauti tukasikiliza pande zote mbili. Kwenye nakala ya seva, bibi mmoja alikuwa akitaja majina ya ndugu zake kwa utulivu, akisita kidogo kila baada ya jina. Kwenye diski, jina la tatu lilimezwa na mngurumo mkali, kisha sauti yake ikarejea kwenye jina la tano. Chanzo kilikuwa kimeharibika baada ya kunakiliwa. Nakala ndiyo iliyokuwa nzima.

Tukaitoa --delete kabisa, tukaweka --ignore-existing ili faili iliyokwisha kufika kwenye seva isiguswe, tukaigiza mara nyingine na kuisoma orodha hadi chini. Zilibaki faili mpya pekee. Mwenzangu akaniachia kibodi niifute -n mwenyewe. Zilipofika zote, tulikigeuza chanzo: seva ikawa asili, na kutoka hapo tukajaza diski mpya kwa -ai, tarehe za wazee zikiwa vilevile zilivyorekodiwa.