Nilivyoipoza nyumba ya kale bila kung'oa madirisha yake

Nyumba niliyorithi ina kuta za mawe na chokaa, unene nusu mita, na madirisha ya mbao yenye luva, vile vibao vya mlazo vya kupitisha hewa, zilizochongwa kwa mkono. Imeorodheshwa kuwa jengo la urithi, kwa hiyo hata kubadili rangi ya nje kunahitaji kibali. Viyoyozi vitatu vilinguruma mchana kutwa, na bado ghorofa ya juu haikukalika.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kuyatoa madirisha niweke ya alumini. Nusura nikubali. Kabla ya kutoa hela nikanunua kipimajoto cha kuelekeza, kinachosoma joto bila kugusa kitu, nikapima chumba kimoja kimoja. Saa tisa alasiri dari ya juu ilisoma nyuzi 41, ukuta 29. Kumbe mgomvi wangu alikuwa paa.

Paa lenyewe lilimalizika kwa siku nne. Tulitandaza sufu ya madini ya kuzuia joto juu ya dari, kati ya boriti, bila gundi wala povu la kupuliza, ili atakayekuja kuitoa azikute mbao zilivyokuwa. Matundu ya hewa ya upenuni hatukuyagusa. Ukiyaziba, mvuke unakwama na boriti zinaoza.

Kilichonitoa jasho ni ukuta wa chini. Zamani kuna mtu aliupiga lipu ya saruji, nadhani akiamini anauimarisha. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu kisha huutoa. Huu ulizibwa pumzi. Chumvi ilichanua chini ya rangi, ukipitisha kidole inabaki kama unga. Tena ukuta uliolowa hupitisha joto kuliko mkavu. Miaka yote hiyo nililipia umeme wa kukausha hewa ya chumba ambacho ukuta wake haukuwa na njia ya kukauka.

Nilimuuliza fundi kama tuibandue lipu hiyo kwa mashine.

"Mwanangu, ukileta mashine utaondoka na mawe."

Basi ikawa tindo na nyundo ndogo, wiki tatu. Lipu mpya ilikuwa chokaa moja kwa mchanga tatu, matabaka matatu membamba, kila moja likifunikwa magunia mabichi. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikaushwa haraka inapasuka. Chumba kimoja niliyaondoa magunia siku ya pili kwa papara zangu. Tukabandua, tukaanza upya.

Madirisha? Luva zilikuwa zimegandishwa na rangi tu. Seremala alizikwangua, akabadilisha vipande vilivyooza, na mbao mpya hakuzichakaza zifanane na za zamani. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka kilichojaziwa kitambulike. Mwanzoni niliona ni kasoro. Siku hizi wageni nawaonyesha mwenyewe.

Dari sasa inasoma 33 saa ile ile. Viyoyozi viwili nimeviuza. Cha tatu kimebaki chumba cha kulala, na bomba lake linapita kwenye tundu la zamani, maana jipya nilikataa kutoboa.