Birika la Bata

Jana jioni binti yangu mdogo aliniuliza kwa nini birika la bata wetu lina matundu sita yaliyozibwa kwa vipande vya kandambili. Nilimjibu kwamba zamani birika hilo lilikuwa gari, akacheka. Mama yake, ambaye hadi leo hajaisamehe fedha ile, aliendelea kuanua dagaa bila kuinua uso.

Lilikuwa gari la kwenda nchi kavu na majini. Nililinunua mnadani hapa Kigoma, kwa mradi uliokuwa ukifungwa: bodi ya plastiki nzito, matairi sita mapana yenye upepo kidogo, na badala ya usukani, mikono miwili, kila mmoja ukishika breki ya upande wake kama katapila. Cheni zilikuwa zimeliwa na kutu na kabureta imeziba. Hayo yalitengenezeka. Zilizokosekana ni sili za ekseli, yaani raba za kuzuia maji yasipite kwenye matundu ya ekseli, hivyo fundi wangu wa Mwanga akaweka za pikipiki, zilizopwaya kidogo, akaniambia, “Mzee, grisi itajazia.”

Tulilipeleka Ilagala, nami nikaingia Malagarasi mbele ya abiria waliokuwa wakisubiri pantoni. Gari la namna hii halina pangaboi. Hupiga maji kwa matairi yake yenyewe, polepole, mwendo wa mtu anayetembea, na kwa muda lilikwenda vizuri hata nikapunga mkono. Katikati ya mto nilihisi ubaridi vifundoni. Maji yalikuwa yakiingia kwenye ekseli, cheni zikiyarusha hadi kwenye mkanda wa injini, na mkanda uliolowa ukaanza kuteleza, ikawa injini inanguruma kwa nguvu zote huku matairi yametulia kana kwamba yanaisikiliza. Mkondo ukanizungusha taratibu: nikaiona milima, nikauona ukingo, kisha nikawaona abiria. Kijana mmoja, kwa adabu kamili, akaniamkia, “Shikamoo, mzee!” Nami, maji yakinifika magotini, nikaitikia, “Marahaba, mwanangu, hujambo?”

Wavuvi wawili walinivuta kwa mtumbwi. Injini niliiuza, matairi yakagawanywa na majirani, bodi ikabaki.

Kila asubuhi naongeza ndoo mbili, kwa kuwa sasa maji hutokea kwenye matundu yale yale yaliyokuwa yakiyaingiza. Fundi alipopita juzi aliyatazama kwa muda mrefu, akasema kandambili si mbaya, ila ningepaka na grisi.