Dinari ya saa kumi na moja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Mathayo 20:1-16, mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu. Tafadhali usianzie hapo. Anzia 19:16 usome mfululizo, maana mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya Injili kuandikwa, na hapa umekata mazungumzo katikati. Kijana tajiri anauliza atende jambo gani jema ili apate uzima wa milele, kisha anaenda zake kwa huzuni. Petro amesikia yote, naye anapiga hesabu yake: "Tazama, sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi?" Yesu anamwahidi thawabu kweli, halafu anamsimulia habari za vibarua walioajiriwa kwa saa mbalimbali za siku, na jioni wote wakalipwa dinari moja moja.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika mfano huu, kwa kuwa saa zake ni saa zetu. Wayahudi walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama tunavyohesabu sisi. Walioingia shambani alfajiri wamefanya kazi kama saa 12 mpaka jua kuchwa. Wa saa tatu wamefanya saa 9, wa saa sita saa 6, wa saa tisa saa 3. Wale wa saa kumi na moja wamekuta jua limeshainama. Wana saa moja tu. Kwa hesabu ya kazi, haki yao ni sehemu moja ya 12 ya dinari.

Sasa, dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa wa kibarua. Torati iliagiza alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake anautumainisha ujira huo (Kumb. 24:15). Kibarua akirudi na sehemu moja ya 12 ya dinari, nyumba yake inalala njaa. Mwenye shamba anawapa kile ambacho bila hicho hawaishi, na anakitoa kizima. Wokovu nao haukatwi vipande. Hakuna anayepewa robo ya msamaha kwa sababu aliamini akiwa na miaka 70, wala anayeongezewa mwingine kwa sababu alilelewa katika Sunday school.

Angalia pia mapatano. Kundi la alfajiri peke yake ndilo lililopatana bei. Wa saa tatu waliambiwa tu kwamba watapewa iliyo haki. Wa saa kumi na moja, katika hati za kale zaidi, hawakuahidiwa chochote. Waliambiwa waende shambani, wakaenda. Walichokuwa nacho ni neno la mwenye shamba. Na walikwenda kufanya kazi, hawakukaa kijiweni wakisubiri dinari iwafuate, kwa hiyo anayesema neema inafundisha uvivu hajausoma mfano huu vizuri.

Malipo yalianzia kwa wa mwisho, tena kwa agizo la mwenye shamba mwenyewe. Angeanza na wa kwanza, wangepokea dinari zao wakaondoka wameridhika. Alitaka waone. Na malalamiko yao hayakuwa kwamba wamepunjwa, bali "umewasawazisha na sisi". Ndipo wakaulizwa: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Kiswahili kinaijua hali hiyo vizuri, ndiyo maana tuna neno kijicho.

Kijicho hiki kinaingia kanisani taratibu. Mtu amefunga, ametoa zaka, amekesha Ijumaa, ameimba kwaya miaka 20. Halafu mlevi wa mtaa anaokoka Jumapili, na baada ya miezi michache anatoa ushuhuda uliojaa furaha ambayo huyu wa kwaya hajaionja siku nyingi. Moyoni linapita neno moja: "Na mimi je?" Paulo ametupa jina la ugonjwa huo katika Warumi 4:4: kwa afanyaye kazi, ujira hauhesabiwi kuwa neema, bali deni. Bila kujua, tumemgeuza Mungu mdaiwa wetu.

Dalili ya pili ni ngumu zaidi kuiona. Mkristo ameanguka dhambini Jumatano. Alhamisi haombi, anaona aibu. Ijumaa anajipangia mfungo, Jumamosi anamsaidia jirani, na Jumapili, akiona amekusanya mema ya kutosha, anathubutu kupiga magoti. Hizo siku 3 alikuwa anajilipia. Angeitubu dhambi hiyo Jumatano ile ile, kwa ahadi ya 1 Yohana 1:9, damu ya Kristo isingepungua nguvu kwa sababu kosa lilikuwa la saa moja iliyopita.

Wengine watauliza kuhusu Yakobo 2, inayosema Ibrahimu alihesabiwa haki kwa matendo alipomtoa Isaka mwanawe. Tazama miaka. Ibrahimu alihesabiwa haki katika Mwanzo 15:6. Ishmaeli alizaliwa baada ya hapo, Ibrahimu akiwa na miaka 86, naye Ibrahimu alitahiriwa akiwa na 99. Kwa hiyo haki ilitangulia tohara kwa miaka isiyopungua 13. Kumtoa Isaka kulikuja baadaye zaidi, katika sura ya 22. Paulo anasimama kwenye sura ya 15 na kuonyesha haki ilivyopatikana. Yakobo anasimama kwenye ya 22 na kuonyesha kwamba imani ile ilikuwa hai. Waefeso 2 inaweka yote mawili pamoja: mstari wa 9 "wala si kwa matendo", na wa 10 "tutende matendo mema". Ukigeuza mpangilio wa mistari hiyo, umebaki na dini ya mshahara.

Juma hili jaribu hili. Kila unapoomba, sikiliza maneno "kwa kuwa nime…": kwa kuwa nimefunga, kwa kuwa nimetoa, kwa kuwa nimevumilia. Ukiyakuta, yaondoe, kisha uombe haja ile ile bila hayo. Mwanzoni sala itakuwa fupi mno na utajisikia mikono mitupu. Usiijaze haraka. Mtoza ushuru wa Luka 18:13 alikuwa na maneno machache tu: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi."