Makro ndogo za kupima uzito wa faili la Excel

Faili la hesabu linapoanza kufunguka kwa kusuasua, wengi wetu hukimbilia kufuta data za miaka iliyopita, ilhali mara nyingi data hizo hazina hatia. Mimi huona afadhali kupima kwanza, na kwa kuwa Excel ina VBA ndani yake, yaani lugha ya kuandikia makro (amri zinazojiendesha), kipimo hakihitaji programu nyingine.

Kuna namba mbili za kutafuta, nazo hazifanani. Ukubwa wa faili ni nafasi linayochukua kwenye diski, na tangu Office 2007 faili la xlsx ni furushi la ZIP lililobeba nyaraka za XML zilizobanwa. Kumbukumbu ni nafasi ambayo Excel inaichukua kwenye RAM baada ya kulifungua furushi hilo, na ndiyo sababu faili la megabaiti chache linaweza kuielemea kompyuta.

Ukubwa hupatikana kwa mstari mmoja: `Debug.Print FileLen(ThisWorkbook.FullName) / 1048576`, unaotoa jibu kwa megabaiti katika dirisha la Immediate la kihariri cha VBA. Hifadhi kwanza, kwa sababu FileLen husoma kilichopo kwenye diski, si mabadiliko ambayo bado hujayahifadhi. Kwa kumbukumbu, siitegemei Application.MemoryUsed, ambayo ni masalio ya matoleo ya zamani. Naiuliza Windows yenyewe kupitia WMI, huduma yake ya kutoa taarifa za kompyuta:

`For Each p In GetObject("winmgmts:").ExecQuery("SELECT * FROM Win32_Process WHERE Name='EXCEL.EXE'")`
`Debug.Print CDbl(p.WorkingSetSize) / 1048576`
`Next`

CDbl imewekwa hapo kwa sababu WMI huirudisha namba hiyo kama maandishi. Funga mafaili mengine kabla ya kupima, la sivyo utalibebesha faili moja mzigo wa yote.

Namba ya jumla, hata hivyo, haikuonyeshi mhalifu. Makro ninayoitumia zaidi hupitia laha moja baada ya nyingine, huinakili kwa ws.Copy ili izaliwe katika faili jipya, huhifadhi faili hilo kwenye folda ya muda, hulifunga, hulipima kwa FileLen, kisha hulifuta kwa Kill. Zima DisplayAlerts kabla ya kuanza, usije ukakaa unajibu maswali ya Excel kwa kila laha. Usishangae jumla ya laha zote ikizidi faili lenyewe: kila nakala hubeba mitindo yake, na fomula zilizokuwa zikisoma laha jirani hugeuka kuwa viungo vya kwenda faili la nje, pamoja na akiba ya thamani zake. Kinachotafutwa hapa ni laha ipi imeipita nyenzake kwa mbali.

Ukishaipata, chapisha kwa Debug.Print ws.UsedRange.Address, yaani eneo la laha ambalo Excel inaliona kuwa linatumika. Laha ina safu mlalo 1,048,576, na mtu aliyepaka rangi au kuweka mipaka ya jedwali hadi chini kabisa ameifanya Excel iamini kwamba zote zinatumika, hata kama data yenyewe inaishia safu ya 900. Kubonyeza kitufe cha Delete huondoa maandishi tu na kuuacha urembo mahali pake. Chagua safu zote zilizo chini ya data, zifute kwa Rows.Delete, kisha uhifadhi na kupima upya.

Kama laha zote ni nyepesi na faili bado ni zito, tazama majedwali ya pivoti (yale yanayofupisha data nyingi), kwani huficha nakala ya data yake, yaani akiba, ndani ya faili. Pitia ThisWorkbook.PivotCaches na uchapishe MemoryUsed ya kila moja, ambayo huja kwa baiti. Kwa jedwali ambalo chanzo chake kimo ndani ya faili hilohilo, sioni haja ya kutunza data hiyo mara mbili, kwa hiyo huweka SaveData ya jedwali kuwa False na RefreshOnFileOpen ya akiba yake kuwa True. Kufungua faili kutachelewa kidogo wakati pivoti inajijaza upya.